Ngozi ya Pesa

Kilichoninyima usingizi juma lile si milio ya risasi. Risasi zilikuwa bado mbali, juu milimani upande wa Lemera, na sisi wa Uvira tulizijua kwa habari tu, kwa midomo ya watu waliokuwa wakiteremka na magodoro vichwani. Kilichoninyima usingizi ni swali la mzee mmoja, mkulima wa pamba wa Nyakabere, aliyesimama mbele ya dirisha langu la benki na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama anayemjulia hali mgonjwa:

"Mwipwa, ng'ombe wangu akifa kwenu, utaniletea ngozi?"

Ng'ombe aliyemtaja hakuwa na pembe wala mkia. Zilikuwa faranga zake, alizoziweka kwetu msimu uliotangulia. Nilimjibu kwamba hakuna kilichokufa. Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaondoka. Tangu saa ile nikawa najigeuza kitandani nikijiuliza: pesa ikifa, ngozi yake ni nini? Na je, imekwisha kufa? Na kama imekufa, imefia wapi, maana hata ilipokuwa hai sikuwa na hakika ilikuwa inalala wapi?

Ndivyo nilivyo. Mama yangu mdogo, ambaye nilikaa kwake mtaa wa Mulongwe, alizoea kuwaambia jirani kwamba mtoto huyu ukimpa ugali anauliza kwanza mhogo ulichimbwa upande gani wa shamba. Walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona ni swali zuri.

Nianze na benki yenyewe. Lilikuwa tawi dogo, nyumba ya matofali karibu na soko, yenye chumba cha wateja, chumba cha kasha la chuma, na baraza ambapo askari mlinzi alisinzia mchana kutwa. Wazungu walioianzisha waliondoka kwa haraka baada ya uhuru. Waliacha kasha, mihuri, na kalenda ya ukutani yenye picha ya milima ya theluji ambayo hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mkuu wetu, tuliyemwita Shefu, alikuwa karani wao kwa miaka mingi. Asubuhi moja alifika kazini karani, akarudi nyumbani mkuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuogopa sana kupoteza mihuri.

Mimi alinichukua kwa sababu ya diploma yangu ya sekondari, ambayo siku zile wachache tulikuwa nayo, na pia kwa sababu ya ndimi zangu. Baba yangu ni mtu wa ziwani, mama yangu ni wa bonde la Ruzizi. Niliweza kubishana na mvuvi kwa lugha yake na kumsalimu mkulima kwa Kirundi bila kutafuta maneno. Shefu alinipa dirisha moja la mbao, tuliloliita gishe, na kazi moja zaidi: siku za soko nipande baiskeli ya benki niende bondeni nikawaeleze watu faida ya kuweka pesa.

Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kununua chumvi. Nilikuwa nikiwaambia habari za usalama na riba kama nilivyofundishwa. Aliyenionyesha kwamba maneno yangu hayakuwa na maana ni yule mzee. Kijiji chake ni jirani na kijiji cha mama, kwa hiyo kwa desturi ni mjomba wangu, naye aliniita mwipwa, mtoto wa dada. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Hakuwauza kwa kupenda. Miezi ile watu wenye bunduki, wa serikali na wasio wa serikali, walikuwa wakikutana na ng'ombe bondeni na hawakuuliza ni wa nani. Mzee aliona afadhali awauze kabla hawajaliwa, afiche thamani yao mahali, kisha baada ya mavuno anunue wengine wawili wa mahari ya mwanawe wa mwisho. Mchumba alikuwa binti wa watu wa upande wa Kamanyola, na ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa mbele ya wazee wa pande zote mbili: ng'ombe wawili.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kwa huruma.

"Ngoja," akasema. "Miye nawaletea pesa. Nyinye munailinda, muko na kasha, muko na askari. Halafu nyinye ndio munanilipa?"

"Ndiyo, mjomba. Kidogo, kila mwaka."

"Basi iko kitu munaficha."

Hapo ndipo mfano uliponijia. Bondeni, mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake humpa mwenzake mmoja au wawili awachunge. Mchungaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi kwa ajili ya migomba yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila baada ya uzazi kadhaa mchungaji naye hupewa mmoja. Wote wawili wanapata. Nikamwambia mzee: benki ni mchungaji. Unaipa pesa yako, inakunywa maziwa, na ndama inakurudishia. Sehemu kubwa ya maziwa ndiyo mshahara wangu mimi na wa Shefu.

Mzee alicheka mpaka akashika goti. Akasema kwa nini sikusema hivyo tangu asubuhi. Juma lililofuata alikuja Uvira, akaweka kidole gumba kwenye karatasi, akatuachia pesa ya ng'ombe wawili. Nikautumia mfano ule masoko yote ya bondeni. Watu wakaja. Shefu aliniambia kwamba Bukavu, kwenye makao makuu ya benki, wameuliza ni nani anayefanya kazi nzuri hivyo, na mimi kwa siku kadhaa nilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sikuwa nimefikiri jambo moja. Mtu akikuchungia ng'ombe, una haki ya kwenda kumtazama.

Mzee alikuja kumtazama. Alifika na kibuyu cha pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka mwenye ng'ombe aendapo kwa mchungaji, akakiweka kwenye gishe mbele ya wateja, akasema amekuja kuona kama ng'ombe amenona. Shefu alitoka chumbani kwake, akakitazama kibuyu, akanitazama mimi, akarudi ndani akafunga mlango.

Nilimweleza mzee ukweli, kwa sababu sikupata haraka kitu kingine cha kumweleza. Pesa yake haikuwa ndani ya kasha peke yake ikimngoja. Sehemu ilikuwa kashani pamoja na ya wengine, na sehemu tulikuwa tumewakopesha watu: mwenye duka, mwenye lori, mvuvi. Wao wanairudisha kidogo kidogo na nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo maziwa na ndama.

Mzee alikivuta kibuyu chake upande wake. Kisha akaniuliza kama nilichukua ng'ombe aliyenikabidhi mimi nikamkabidhi mtu mwingine asiyemjua. Nikasema ndiyo. Akasema bondeni mchungaji wa namna hiyo hapewi ng'ombe tena, na binti zake hawaposwi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayempa mgeni habari za njia.

Nilitegemea adai pesa yake palepale. Badala yake akauliza: "Huyo mwingine anakaa wapi? Nataka kumuona."

Siku mbili nilifikiri jambo hilo. Kanuni ya benki ilikataza kutaja jina la mkopaji bila ruhusa yake. Lakini kanuni haikukataza kumwomba ruhusa. Nilimwendea mvuvi mmoja wa mtaa wa baba yangu, aliyekuwa amenunua mtumbwi mkubwa, wavu na taa za karabai kwa mkopo wetu, nikamweleza. Alisema anayetaka kuona mtumbwi aje tu, mtumbwi si mke.

Basi nikampeleka mzee ufukweni na kibuyu chake. Aliuzunguka mtumbwi polepole. Aligonga ubavu wake kwa kiganja, akainama akatazama chini ya tumbo lake, akanusa wavu. Mvuvi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimwangalia.

"Anakula nini?" mzee akauliza.

"Mafuta ya taa. Anakula sana, kupita wa kwenu."

"Na maziwa?"

"Ndagala, hawa samaki wadogo. Lakini hakamuliwi mwezi ukiwa mukubwa. Yeye anataka giza."

"Kwetu anayekamua gizani ni mwizi."

"Kwenu munaogopa maji, ndiyo maana unasimama huko mbali. Sogea, muzee. Ziwa halina meno."

"Siogopi maji," mzee akasema. "Naogopa kitu chenye hakina ngambo."

Ng'ambo ilikuwa inaonekana vizuri siku ile, na mvuvi alimwonyesha kwa kidole milima ya Burundi. Mzee akasema ile anaijua, kaka yake anakaa kule, anachosema ni ng'ambo ya kwenda chini. Mvuvi alicheka akakubali. Walikunywa kibuyu chote. Mzee aliondoka na kikapu cha ndagala waliokaushwa, kama vile mwenye ng'ombe anavyorudi na maziwa, na njiani alikuwa mtu mwenye furaha kuliko mimi.

Mimi sikuwa na furaha kwa sababu nilihisi bado nimemdanganya. Nikamwambia: pesa yake haikuwa yote katika mtumbwi ule. Pesa za watu zinachanganywa, kama maziwa ya ng'ombe wengi katika chungu kimoja. Huwezi kusema hili tone ni la fulani.

"Kwa hiyo mule ndani iko ubao moja yangu," akasema.

"Pengine, mjomba."

"Na ubao zingine?"

Nikamtajia bila majina: walimu, wakulima wenzake wa pamba, wajane wawili wenye duka la vitambaa, mimi mwenyewe na akiba ya mshahara wangu. 

"Basi tuko ukoo," akasema, "na hatujuane."

Baada ya siku ile, kila alipokuja mjini, alipitia kwanza ziwani kuusalimu mtumbwi, kisha akaja kunisalimu mimi.

Halafu uasi ukashuka. Ulianza kama maneno, kisha ukawa vizuizi barabarani, kisha wanafunzi wakarudi nyumbani kabla ya likizo. Mtu mmoja aliapa kwamba wenye silaha wameonekana kwenye vijia vya juu ya bonde. Mwingine akaapa kwamba ni wachoma makaa. Askari wa serikali waliokuwa Uvira walihofia watu wanaovuka ziwa usiku, wakatoa amri: hakuna taa ziwani baada ya jua kuzama. Amri hiyo ilinivutia sana mimi, na nadhani watu wengine mjini hawakuitilia maanani. Bila taa hakuna ndagala. Bila ndagala mvuvi hana cha kulipa. Nilikuwa nikiona kwa macho yangu jinsi neno la afisa mmoja lilivyoingia ndani ya kasha letu bila kugusa mlango. Mvuvi alikuja gishe, akavua kofia, akasema mwezi huu hana kitu. Niliandika. Mwenye lori naye akaja: lori lake lilikuwa limechukuliwa kubeba askari. Nikaandika.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Bukavu. Shefu aliisoma akiwa amefunga mlango, kisha akaniita. Jumanne ya juma lijalo lingekuja gari na walinzi, pesa yote iliyo kashani ipakiwe ipelekwe Bukavu kwa barabara ya Kamanyola kabla barabara haijakatika. Tawi lifungwe. Kabla ya hapo, atakayekuja na kitabu chake alipwe kama kawaida. Dhamana za wakopaji zichukuliwe. Na mtu yeyote asiambiwe.

Niliuliza maswali mengi. Shefu alijibu mawili. Pesa iliyokuwa kashani ilikuwa nusu, au zaidi kidogo, ya kile tulichokuwa tunadaiwa na waweka akiba. Nusu ile nyingine ilikuwa mitumbwi, bidhaa za duka, na lori lililojaa askari. Niliuliza mtumbwi wa mvuvi tukiuchukua tutauweka wapi. Shefu akasema nyuma, uani. Nikasema juani utapasuka, na hakuna atakayenunua mtumbwi wakati uvuvi umekatazwa. Akasema hilo simu haikulisema.

Kesho yake ndipo mzee alipokuja na swali lake la ngozi. Alikuwa ametoka ziwani. Alikuta mtumbwi umevutwa mchangani, mkavu, na kuku wa mtu wametaga chini yake. Hakuwa amesikia habari yoyote ya benki. Alitazama ubao wake, akaelewa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuelewa.

Aliniambia pia kwamba wakwe wameleta ujumbe. Kwa kuwa vita vinakaribia, baba wa binti hataki kukimbia na msichana ambaye ni wa watu wengine. Anataka mambo yaishe haraka, ng'ombe waje. Kama hawaji, binti ataolewa na mwingine ambaye ng'ombe wake wako zizini na wanaonekana. Mzee alikuwa bado anatafuta mtu mwenye ng'ombe wa kuuza, na hakutaka kutembea na pesa kwenye vizuizi kabla ya kumpata. Kwa hiyo alitaka kujua tu kama pesa yake inaweza kungoja. Mimi nikamwambia hakuna kilichokufa.

Kitandani nilijitetea kwa kila namna. Kwanza, sikusema uongo: kashani palikuwa na pesa ya kumlipa yeye mara nyingi. Pili, kama ningemwambia yeye peke yake, angechukua yote, na sehemu ya ile yote ingekuwa ya mjane fulani ambaye hana mpwa benki. Na kama ningewaambia wote, wangekuja mbio, wenye miguu yenye nguvu wangelipwa kamili, na wazee wangekuta kasha tupu. Kwa kila upande nilioutazama niliona mtu anaumia. Nikafikia kudhani kwamba kunyamaza ndiko haki, kwa sababu kunyamaza kunawaumiza wote sawasawa. Hilo lilinipa usingizi kidogo, halafu nikazinduka.

Kulipopambazuka nilijaribu upande mwingine. Nilijiuliza ngozi inasaidia nini. Ng'ombe akifa kwa mchungaji, ngozi hairudishi ng'ombe. Haina hata bei ya maana. Kwa nini basi bondeni mchungaji asiyeleta ngozi huitwa mwizi, na anayeileta husamehewa hata kama ng'ombe alikufa kwa uzembe? Nilifikiri kitabu cha akiba labda ndicho ngozi. Lakini kitabu kinasema pesa iko hai. Nikafikiri karatasi yenye mhuri. Mwishowe nilimuuliza mama yangu mdogo, ambaye naye ni binti wa bondeni, akiwa anawasha moto. Alisema bila kuinua kichwa kwamba ngozi ni ili mwenye ng'ombe asisikie kwa watu wengine. Mchungaji anaibeba mwenyewe, anatembea nayo, anaifikisha mlangoni, anatazamwa usoni. Ndiyo kazi yake.

Nilikwenda kazini nikiwa nimechelewa kidogo. Ilikuwa Ijumaa. Shefu aliniita chumbani kwake akaongea kwa upole sana.

"Akiba yako ya mshahara, itoe leo. Yote. Mimi nimeshatoa yangu."

Nilikaa nikitazama ile theluji ya kalenda. Alikuwa ananitendea wema, na nilijua hivyo. Lakini hesabu zangu zote za usiku zilikuwa zimejengwa juu ya jambo moja, kwamba hakuna aliyeambiwa. Sasa niliona kwamba wameshaambiwa watu wawili, na mimi ni mmoja wao. Kunyamaza hakukuwa kunawaumiza wote sawasawa.

"Kesho ni soko la Nyakabere, Shefu," nikasema. "Nitakwenda."

"Kufanya nini?"

"Ile ya siku zote. Kueleza watu benki inavyofanya kazi."

 Akasema simu ilikataza. Nikasema najua. Akasema hawezi kunipa baiskeli ya benki kwa safari ya namna hiyo, kisha akashika mihuri yake akaanza kuipanga upya mezani, ingawa ilikuwa imepangwa. Sikujua kama nimefukuzwa kazi. Sikuuliza, na huenda hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo sikuliuliza tangu nizaliwe.

Baiskeli aliniazima mvuvi. Alisema nichukue hiyo kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu, yeye siku hizi hana pa kwenda. Niliondoka Jumamosi kabla ya joto. Nilikuwa nimeichagua siku kwa kufikiri sana: Jumamosi mchana benki imefungwa, Jumapili imefungwa. Nikisema Jumamosi bondeni na Jumapili mjini baada ya misa, Jumatatu asubuhi kila mtu atakuwa amesikia, na hakuna atakayefika gishe wa kwanza kwa sababu tu alisikia mapema.

Sokoni nilisimama palepale nilipozoea, karibu na wauza chumvi. Sikuanza na salamu ndefu. Niliwaambia tawi linafungwa. Niliwaambia kashani iko nusu ya pesa, na nusu nyingine iko kwa watu ambao vita vimewazuia kufanya kazi. Niliwaambia siku na saa ya kufungua. Nilisema mambo mengine mara mbili.

Kijana mmoja mwenye kifua kipana alisema basi anaondoka sasa hivi, atalala kwenye baraza la benki, atakuwa wa kwanza. Wengine wakaanza kukusanya vikapu. Mtu mmoja aliniambia kwamba mchungaji aliyesoma ana ulimi mtamu siku ya kuchukua na ulimi mtamu siku ya kupoteza. 

Mzee alikuwa amekaa kwenye mfuko wake wa pamba. Hakusimama. Alimuuliza yule kijana ng'ombe akivunjika mguu malishoni, naye ni wa watu wengi, nyama yake inaliwaje.

"Inagawanywa," kijana akasema.

"Na mwenye anafika wa kwanza na kisu?"

 Watu wengine walicheka, maana inaonekana kijana alikuwa na historia ya visu.

Mzee akanigeukia. Akaniuliza kama benki inakubali mtu aombe nusu ya pesa yake na kuacha nusu. Nikasema inakubali, mtu anaomba kiasi anachotaka. Akauliza kama Shefu anaweza kukataa. Nilipekua kichwani kanuni zote nilizozijua, moja baada ya nyingine, na watu wakiningoja. Nikasema hawezi.

Mzee akasema basi kila mtu aombe nusu, na mabishano yakawa marefu. Kulikuwa na waliosema wa mjini watakubali mdomoni na kuomba yote gishe. Mzee akasema hapo itabidi wapite mbele ya macho ya watu wote wakiwa na yote, na yeye atakuwepo awaulize wanatoka ukoo gani. Jumapili, uani mwa kanisa, nilisema yale yale kwa watu wa mjini, na wale wajane wawili wa duka la vitambaa ndio waliokubali kwanza. Walisema nusu inayopatikana wanaielewa kuliko yote inayoahidiwa.

Jumatatu barabara ya mbele ya benki ilijaa. Watu walikuwa kimya kuliko nilivyotegemea. Shefu alifika, akasimama kwenye baraza, na uso wake ukabadilika. Nilimwambia wanaomba nusu. Alichukua karatasi ya kwanza, ya mwalimu, akaisoma. Akachukua ya pili. Akasoma karatasi kama kumi hivi akiwa amesimama, na nilijua anatafuta kanuni, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeitafuta. Kisha akatoa ufunguo.

Nililipa tangu saa mbili mpaka alasiri. Kwa nusu iliyobaki kila mtu alipewa karatasi yenye mhuri, na nilimweleza kila mmoja, kwa lugha yake, kwamba karatasi hii ni ya kudai Bukavu, na kwamba sijui italipwa lini, na sijui kama italipwa. Kuhusu dhamana, Shefu aliandika kwamba mitumbwi imekaguliwa na imeachwa mahali ilipo. Hilo aliliamua mwenyewe.

Mzee alipofika gishe hakuleta kibuyu. Alihesabiwa pesa ya ng'ombe mmoja, akaifunga kiunoni chini ya shati. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, kijana mwembamba aliyekuwa akitazama miguu yake. Walikuwa wamempata mwenye ng'ombe njiani, na walikuwa wanakwenda Kamanyola moja kwa moja, bila kupita nyumbani.

"Na wa pili?" nikamuuliza.

"Nitawaambia wakwe ukweli. Kwamba alikuwa, na ni nani alimchunga." Akachukua karatasi yake ya mhuri, akaikunja. "Wakitaka kukuuliza, utakuja?"

Nikasema nitakuja.

Mstari ulipopungua nilichukua karatasi ya kuombea pesa, nikaandika nusu ya akiba yangu, nikaitia sahihi. Nikamwachia Shefu gishe, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba hadi mbele, nikasimama nyuma ya mtu wa mwisho.